Tuzo Hufuata Uraia, Ushairi Hufuata Ziwa: Tuzo za Ushairi wa Kiswahili Zikitazamwa kutoka Nyanza-Lac

Ikisiri

Makala haya yanahakiki masharti ya tuzo za ushairi wa Kiswahili kwa kuyatazama kutoka mwambao wa Burundi wa Ziwa Tanganyika, hususan miji ya Nyanza-Lac na Rumonge. Hoja kuu ni kwamba mshairi anayetunga kwa Kiswahili katika mwambao huo huachwa nje mara mbili. Tuzo ya fasihi inayojulikana zaidi nchini mwake ni ya Kifaransa, na tuzo za lugha yake ama zinadai uraia asiokuwa nao, ama zinadai mswada wa kitabu kizima, ama zinapima lugha yake kwa kipimo ambacho hazikitumii kwa lahaja za pwani. Makala yanalinganisha hali hiyo na mabadiliko ya masharti ya tuzo za washairi nchini Marekani, kisha yanapendekeza namna ya tuzo na ufadhili wa uandishi unaoweza kusimamiwa katika ngazi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki.

1.0 Utangulizi

Tuzo ya fasihi ni chombo cha uhakiki. Jopo linaposema kwamba diwani hii ni bora kuliko ile, hutoa hukumu yenye nguvu kuliko makala mengi ya kitaaluma, kwa kuwa hukumu hiyo huambatana na fedha, uchapishaji na, mara nyingine, nafasi katika maktaba za shule. Hata hivyo, hukumu ya jopo hutanguliwa na hukumu nyingine isiyojadiliwa sana, nayo ni masharti ya kushiriki. Kabla jaji hajasoma ubeti wa kwanza, masharti yamekwisha kuamua nani asomwe na nani asisomwe. Kwa sababu hiyo, uhakiki wa tuzo hauna budi kuanza mlangoni, kabla ya kufika kwenye orodha ya washindi.

Makala haya yanautazama mlango huo kutoka Nyanza-Lac, mji wa kusini mwa Burundi ulio ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, pamoja na Rumonge, ulio kaskazini yake kwenye barabara ileile ya mwambao inayotoka Bujumbura. Eneo hili limechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, Kiswahili hapa hakikuletwa na mtalaa wa shule. Kimekuwapo sokoni, forodhani na misikitini tangu karne ya 19. Pili, wengi wa wasemaji wake wamevuka mpaka, wao wenyewe au wazazi wao, na kwa hiyo wanadhihirisha tofauti iliyopo baina ya jamii ya lugha na jamii ya uraia. Tuzo inayoweza kumfikia mshairi wa Nyanza-Lac itaweza kumfikia pia mshairi wa Uvira au Kalemie, ng'ambo ya ziwa hilohilo. Tuzo inayomkosa huyo wa kwanza itawakosa na hao wengine.

2.0 Mwambao na lugha yake

Kiswahili kiliingia katika mwambao wa Burundi kwa njia ya misafara ya biashara iliyokuwa na kituo chake kikuu Ujiji. Utawala wa Wajerumani ulikitumia katika shughuli za serikali. Chini ya Wabelgiji kilibaki zaidi kuwa lugha ya miji na ya mitaa ya Waislamu, huku Kirundi kikiwa lugha ya taifa zima na Kifaransa lugha ya shule na ofisi. Mgawanyo huo umeacha alama hadi leo. Sheria ya lugha ya mwaka 2014 iliongeza Kiingereza miongoni mwa lugha rasmi pamoja na Kirundi na Kifaransa. Kiswahili kinafundishwa shuleni, na nchi ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu mwaka 2007, lakini hadhi yake katika uandishi wa kubuni haijatafutiwa chombo chochote mahususi.

Ni kosa kuuona mwambao huu kama pembezo ya mbali ya ushairi wa Kiswahili. Kaluta Amri Abedi, mwandishi wa Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri (1954), alizaliwa Ujiji mwaka 1924. Kitabu chake kimekuwa rejea ya vizazi vya watungaji na majaji wanaopima vina, mizani na utoshelevu wa beti. Aliyeziandika sheria hizo, basi, alikuwa mtoto wa Ziwa Tanganyika. Anayesafiri kwa mashua kutoka Nyanza-Lac kuelekea kusini hupita Kagunga, kijiji cha mpakani upande wa Tanzania, akaendelea hadi Kigoma na Ujiji bila kuyaacha maji ya ziwa moja. Mapokeo ya kasida na maulidi katika mitaa ya Waislamu ya Rumonge na Nyanza-Lac ni sehemu ya mkondo huohuo.

Tukio lililobadilisha zaidi Kiswahili cha eneo hili ni la mwaka 1972. Machafuko yaliyoanza mwishoni mwa Aprili mwaka huo kusini mwa nchi, Rumonge na Nyanza-Lac zikiwamo, yalifuatwa na mauaji makubwa yaliyoenea Burundi nzima. Wengi walionusurika walikimbilia Tanzania na kuwekwa katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Huko watoto wao walisoma shule za msingi kwa mtalaa wa Tanzania, yaani kwa Kiswahili. Walijifunza kusoma, kuandika insha na kughani mashairi katika lugha hiyo. Mpango wa suluhisho la kudumu ulipotekelezwa kuanzia mwaka 2008, zaidi ya watu 50,000 wa kundi hilo walirejea Burundi, na wengine zaidi ya 160,000 waliomba uraia wa Tanzania. Miongoni mwa maeneo yaliyopokea waliorejea ni Nyanza-Lac na Rumonge, ambako migogoro ya ardhi kati ya waliobaki na waliorudi ilidumu miaka mingi. Watu hao waliporudi walikuja na elimu ya Kiswahili isiyotambuliwa na vyeti vya mfumo wa Kifaransa.

Kwa upande wa fasihi, mwaka huohuo wa 1972 uliondoa uhai wa padri Michel Kayoya, mshairi na mwanafalsafa aliyeandika kwa Kifaransa. Leo jina lake limepewa tuzo ya hadithi fupi nchini Burundi, Prix Michel Kayoya, inayoshindaniwa kwa Kifaransa. Heshima hiyo inamstahili, na waandishi chipukizi wa Bujumbura wamenufaika nayo. Hata hivyo, mhakiki halazimiki kufumba macho mbele ya matokeo yake ya kihistoria. Mwaka uliomuua mshairi anayekumbukwa na tuzo hiyo ndio uliowapeleka Tanzania watu ambao watoto na wajukuu wao wanaandika kwa lugha isiyopokelewa na tuzo hiyo. Kumbukumbu ya 1972 imepata tuzo katika lugha moja, na katika lugha ya wale walioikimbia haijapata.

3.0 Tuzo zilizopo na milango yake

Historia ya tuzo za fasihi ya Kiswahili ni ndefu kiasi cha kutosha kuonyesha kwamba masharti si jambo la asili. Yaliwekwa na watu, na yamekuwa yakibadilika. Katika mashindano ya uandishi wa hadithi ya mwaka 1957/58 yaliyoendeshwa na Shirika la Maandishi la Afrika Mashariki, riwaya ya Muhammed Said Abdulla, Mzimu wa Watu wa Kale, ilipata ushindi wa kwanza na baadaye ikachapishwa. Shirika hilo lilikuwa la kikanda. Mwandishi wa Zanzibar alishindana na mwandishi wa Kenya na wa Tanganyika chini ya chombo kimoja, ingawa Burundi, iliyokuwa chini ya Ubelgiji, haikuwa ndani ya mipaka yake.

Baada ya uhuru, tuzo zilielekea kuwa za kitaifa. Tuzo ya Jomo Kenyatta ya Fasihi, inayosimamiwa na wachapishaji wa Kenya, ilianza mwaka 1974, na kwa upande wa Kiswahili ilimwendea Abdilatif Abdalla kwa diwani ya Sauti ya Dhiki (1973). Mashairi hayo yalitungwa gerezani, ambako mshairi alikuwa amefungwa na serikali ya rais yuleyule ambaye tuzo ilibeba jina lake. Kwa kawaida tukio hilo husimuliwa kama kejeli ya historia. Kwa makala haya, umuhimu wake uko penginepo. Jopo liliweza kumtuza mtu aliyekuwa amekataliwa na dola kwa sababu kitabu chake kilikuwa kimekwisha kuchapishwa na Oxford University Press. Mchapishaji ndiye aliyefungua mlango. Jopo lilipita baada yake. Palipo na mchapishaji, tuzo inaweza kuwa huru kuliko serikali, na pasipo naye, uhuru wa jopo hauna cha kusoma.

Tuzo iliyo wazi zaidi kwa sasa ni ya Safal-Cornell ya Kiswahili, iliyoanzishwa mwaka 2014 na Lizzy Attree na Mukoma wa Ngugi kwa jina la Tuzo ya Mabati-Cornell. Ilianza na zawadi za jumla ya dola 15,000 za Marekani, ushindi wa kwanza wa riwaya na wa ushairi ukiwa dola 5,000 kila mmoja. Haiulizi uraia, inauliza lugha. Huo ni uamuzi mkubwa unaostahili sifa. Katika miaka minne ya mwanzo, ushindi wa ushairi ulikwenda kwa Mohammed Khelef Ghassani (N'na Kwetu: Sauti ya Mgeni Ugenini, 2015), Ahmed Hussein Ahmed (Haile Ngoma ya Wana, 2016), Dotto Rangimoto (Mwanangu Rudi Nyumbani, 2017) na Jacob Ngumbau Julius (Moto wa Kifuu, 2018). Wote wanne ni wa Tanzania na Kenya. Majina ya diwani mbili kati ya hizo nne yanataja ugeni na kurudi nyumbani. Fasihi ya Kiswahili, kwa hiyo, inaithamini mada ya ukimbizi na marejeo. Walioyaishi marejeo hayo kwa maana halisi, kutoka Ulyankulu hadi Nyanza-Lac, hawamo miongoni mwa washindi hao.

Sababu haipo katika nia ya waandaaji. Sharti la mswada wenye ukubwa wa kitabu linaonekana halina upendeleo, lakini linadhani kwamba mshairi ana kompyuta, ana muda wa miezi mingi, ana mhariri wa kumrudishia kazi, na ana desturi ya kuuona ushairi wake kama kitabu. Tanzania na Kenya zina magazeti yaliyochapisha mashairi ya wasomaji kwa miongo mingi, idara za Kiswahili katika vyuo vikuu, na wachapishaji wanaosoma miswada. Mshairi wa huko huanza na shairi moja gazetini, akajulikana, akakusanya, hatimaye akafikia diwani. Mshairi wa Nyanza-Lac anatakiwa kuanza na diwani.

Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania na iliyotolewa kwa mara ya kwanza Aprili 2023, imekwenda mbali zaidi katika kumfikisha mshindi kwa msomaji. Pamoja na zawadi ya shilingi milioni 10 kwa mshindi wa kwanza, serikali huchapisha kazi bora na kuisambaza shuleni. Kama sera ya kitaifa, huu ni mfano wa kuigwa. Lakini tuzo hiyo imelengwa kwa raia wa Tanzania, na hapo ndipo jamii ya lugha inapokatwa katikati. Ndugu wawili waliozaliwa Ulyankulu na kusoma darasa moja, mmoja akachukua uraia wa Tanzania na mwingine akarejea Nyanza-Lac, wana Kiswahili kilekile, walimu walewale na mashairi yaleyale waliyoyakariri. Mmoja anaweza kushiriki, mwingine hawezi. Hakuna hoja ya kifasihi inayoweza kueleza tofauti hiyo.

Mfano ulio karibu zaidi na mahitaji ya mwambao ni Tuzo ya Ushairi ya Ebrahim Hussein, iliyotokana na wosia wa mtengenezaji filamu wa Kanada, Gerald Belkin. Tuzo hii hupokea shairi moja moja, na mashairi yaliyochaguliwa hukusanywa katika diwani zinazochapishwa na Mkuki na Nyota. Utaratibu huo unageuza mpangilio wa kawaida: badala ya kumtaka mshairi aje na kitabu, tuzo yenyewe ndiyo inayokijenga kitabu kutokana na sauti nyingi. Kwa mtungaji asiye na mhariri wala mchapishaji, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama atashiriki au la.

4.0 Samaki mmoja, majina mawili

Mlango wa tatu ni wa lugha yenyewe. Usanifishaji uliofuata mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliichukua lahaja ya Kiunguja kuwa msingi. Tangu hapo, "Kiswahili fasaha" kimekuwa kigezo cha kawaida cha kutathmini maandishi. Katika ushairi, hata hivyo, kigezo hicho hakikuwahi kutumika kwa usawa. Sauti ya Dhiki imeandikwa kwa Kimvita, na hakuna mhakiki makini anayekihesabu Kimvita hicho kuwa kosa. Majina ya diwani mbili za mwanzo zilizoshinda tuzo ya Cornell yana maumbo ya usemi wa pwani: "n'na" badala ya "nina", na "haile", umbo ambalo halitumiki katika sanifu ya kila siku. Majaji walifanya vyema kuyapokea. Lahaja ya pwani husomwa kama urithi.

Kiswahili cha mwambao wa ziwa husomwa vingine. Kimekaa jirani na Kirundi, Kifaransa na Kiswahili cha Kongo, na maneno yake ya kazi ni ya ziwani. Wavuvi wa Burundi humwita "mukeke" samaki ambaye Kigoma huitwa "mgebuka". Wadogo wanaovuliwa usiku kwa taa, wanaoitwa "dagaa" Tanzania, Burundi huitwa "ndagala". Mhariri anayesanifisha shairi la mvuvi wa Nyanza-Lac atabadilisha maneno hayo akidhani anasaidia. Tazama kinachotokea kwa mujibu wa kanuni zilezile za Kaluta Amri Abedi. "Mukeke" lina mizani tatu (mu-ke-ke). "Mgebuka" lina mizani nne (m-ge-bu-ka). Kipande kilichotungwa kwa mizani nane kinakuwa na tisa, na mshororo uliokuwa umetimia unakuwa na guni. "Ndagala" na "dagaa" yote yana mizani tatu, lakini la kwanza humaliza kwa kina cha "la" na la pili kwa "a". Likiwa mwishoni mwa kipande, kina cha ubeti mzima kinavunjika. Mshairi aliyetunga kwa arudhi kamili anaonekana hajui arudhi, kwa sababu ya masahihisho aliyofanyiwa.

Mfano huu mdogo una uzito mkubwa. Unaonyesha kwamba usanifu wa msamiati na usanifu wa arudhi ni mambo mawili, na kwamba la kwanza linaweza kuliharibu la pili. Jopo lisilo na mtu anayelijua ziwa haliwezi kutofautisha neno la mahali na kosa la mwandishi. Dawa yake si ngumu. Waandishi wa pwani na wahariri wao wana desturi ya muda mrefu ya kuambatanisha sherehe ya maneno magumu mwishoni mwa diwani. Hakuna sababu ya kumnyima mtungaji wa ziwani haki hiyohiyo.

Hili halimaanishi kwamba kila umbo linalosikika Rumonge lina thamani ya kishairi. Kuna mashairi dhaifu kwa lahaja yoyote, na mhakiki atalihukumu shairi kwa taswira yake, mpangilio wake wa hoja na uaminifu wake kwa umbo lililochaguliwa, liwe la arudhi au huru. Kinachodaiwa hapa ni kwamba hukumu hiyo ifanyike juu ya shairi lililoandikwa na mshairi, kabla ya mhariri kuligeuza kuwa jingine.

5.0 Funzo kutoka Marekani

Mfumo wa tuzo za washairi wa Marekani unatajwa mara kwa mara kama kilele cha ufadhili wa fasihi, na kwa wingi wa fedha ndivyo ulivyo. Mfululizo wa Yale wa Washairi Vijana umekuwa ukichapisha vitabu vya kwanza vya washairi tangu mwaka 1919. Tuzo ya Pulitzer ya ushairi imekuwapo tangu 1922, na ufadhili wa Guggenheim tangu 1925. Kwa watunga sera wa Afrika Mashariki, mfumo huo una mafunzo matatu, na la tatu ni onyo.

Funzo la kwanza ni kutofautisha tuzo na ufadhili wa uandishi. Tuzo hutazama nyuma: hutunza kazi iliyokamilika. Ufadhili hutazama mbele: hununua muda ili kazi ikamilike. Ufadhili wa Ruth Lilly na Dorothy Sargent Rosenberg, unaotolewa na Poetry Foundation ya Chicago, huwalenga washairi wenye umri wa miaka 21 hadi 31, yaani walio njiani. Katika Kiswahili tuna tuzo kadhaa na ufadhili haba. Matokeo yake ni kwamba fedha humfikia yule ambaye tayari aliweza kumaliza kitabu bila fedha.

Funzo la pili linahusu uraia, na linaigusa Nyanza-Lac moja kwa moja. Mashindano mengi ya kitabu cha kwanza nchini Marekani yalikuwa yakiwataka washiriki wawe raia au wakaazi wa kudumu. Mwaka 2015 washairi Javier Zamora, Marcelo Hernandez Castillo na Christopher Soto waliongoza kampeni, kwa jina la Undocupoets, kuwataka waandaaji waondoe sharti hilo, kwa kuwa liliwafungia nje washairi waliokulia Marekani bila hati. Baadhi ya waandaaji walibadilisha masharti yao. Mwaka 2023 bodi ya Pulitzer ilitangaza kwamba, kuanzia tuzo za 2025, vitabu vya wakaazi wa kudumu na vya wale walioifanya Marekani makao yao makuu kwa muda mrefu vitapokewa pia. Ilichukua zaidi ya karne moja kwa tuzo hiyo kukubali kwamba fasihi ya nchi huandikwa na watu wanaoishi ndani yake, wawe na hati au wasiwe nazo. Mabadiliko hayakuletwa na waandaaji wenyewe. Yalidaiwa na washairi walioumizwa na sharti.

Funzo la tatu ni udhaifu wa kumtegemea mfadhili mmoja. Mfuko wa Taifa wa Sanaa wa Marekani, uliokuwa ukiwapa waandishi ufadhili wa dola 25,000 kila mmoja, ulifuta mwaka 2025 ufadhili wake wa uandishi bunifu wa mwaka uliofuata. Waandishi waliokwisha kuandaa maombi walibaki na karatasi zao. Ikiwa chombo cha serikali yenye utajiri kiasi hicho kinaweza kufungwa kwa tangazo moja, tuzo ya Kiswahili inayotegemea kampuni moja au chuo kikuu kimoja cha ng'ambo nayo iko hatarini.

Barani kwetu pia kuna mfano wa kuzingatiwa. Tuzo ya Ushairi wa Afrika iliyoanzishwa na Bernardine Evaristo, na ambayo mshindi wake wa kwanza mwaka 2013 alikuwa Warsan Shire, ilipokea mashairi 10 tu kutoka kwa kila mshiriki. Ilikuwa ya Kiingereza, lakini umbo lake lilitambua kwamba mshairi chipukizi wa Kiafrika anaweza kuwa na mashairi 10 bora muda mrefu kabla hajawa na kitabu.

6.0 Pingamizi na majibu

Pingamizi la kwanza linaloweza kutolewa ni kwamba mwambao wa Burundi hauna washairi wa Kiswahili wa kutosha kuhalalisha chombo kipya. Pingamizi hili linachanganya kitabu na ushairi. Kutokuwapo kwa diwani zilizochapishwa hakuthibitishi kutokuwapo kwa watungaji, hasa mahali ambapo utunzi huishi katika kasida, arusi na madaftari ya shule. Mzimu wa Watu wa Kale nayo ilijulikana kwa sababu mashindano yalikuwapo. Mashindano hayakusubiri riwaya ijulikane kwanza.

Pingamizi la pili ni kwamba kulegeza kipimo cha usanifu kutashusha ubora wa lugha ya Jumuiya. Sehemu ya nne imeonyesha kwamba kipimo hicho tayari kimelegezwa kwa pwani, na kwamba ushairi wa Kiswahili umetajirika kwa kulegezwa huko. Suala lililobaki ni la usawa.

Pingamizi la tatu ni fedha. Hapa hesabu ni rahisi. Dola 5,000 za ushindi mmoja wa kwanza zingeweza kugawanywa kuwa ufadhili wa dola 1,000 kwa washairi watano. Ni kweli kwamba mgawanyo huo hupunguza mvuto wa tuzo katika vyombo vya habari, na waandaaji wana haki ya kuujali mvuto huo. Lakini dola 1,000 humpa mtungaji wa Nyanza-Lac miezi ya kukaa na mswada wake, na mvuto wa habari hudumu siku moja.

7.0 Mapendekezo na hitimisho

Wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubali mwezi Februari 2021 Kiswahili kiwe miongoni mwa lugha rasmi za Jumuiya. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Zanzibar, imekuwa ikifanya kazi tangu mwaka 2015. UNESCO imeitenga tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Vyombo vipo, na siku ya kutangaza matokeo ipo. Kinachokosekana ni tuzo ya ushairi inayoifuata lugha hadi inakosemwa. Makala haya yanapendekeza mambo matano kwa Kamisheni na washirika wake.

Kwanza, sharti la ushiriki liwe lugha na ukaazi katika nchi yoyote mwanachama, wakimbizi wakiwamo, bila kudai uraia. Pili, mshiriki chipukizi awasilishe mashairi 10, na mashairi bora yakusanywe katika diwani ya pamoja itakayochapishwa na kusambazwa katika nchi zote wanachama, Burundi ikiwamo. Tatu, maneno ya mahali yaruhusiwe pamoja na sherehe fupi iliyoandikwa na mshairi mwenyewe, na kila jopo liwe na angalau jaji mmoja anayekijua Kiswahili cha Maziwa Makuu. Nne, mashairi yanayoghaniwa yapokelewe kwa sauti iliyorekodiwa pamoja na andiko lake, ili mapokeo ya kasida yasitengwe na karatasi. Tano, nusu ya fedha zitumike kwa ufadhili wa uandishi wenye mhariri mlezi, na fedha zote zitoke kwa wachangiaji zaidi ya mmoja, ili kuondoka kwa mmoja kusiifunge tuzo.

Mapendekezo haya hayachukui nafasi ya tuzo zilizopo. Tuzo ya Mwalimu Nyerere ina wajibu kwa Tanzania, Prix Michel Kayoya ina wajibu kwa fasihi ya Kifaransa ya Burundi, na ya Safal-Cornell imefanya zaidi ya tuzo nyingine katika kuufungua mlango wa lugha. Kila moja inatimiza kazi iliyojiwekea. Pengo liko baina yao, na pengo hilo lina wakazi. Ni watu waliojifunza Kiswahili kwa sababu ya kukimbia, wakarudi nacho kwenye ardhi ya wazazi wao, na sasa wanatunga kwa lugha ambayo Jumuiya imeitangaza kuwa yake. Kila mwaka unaopita bila chombo cha kuwapokea, mashairi hayo yanabaki kwenye madaftari, na wale waliozaliwa kabla ya 1972, ambao kumbukumbu yao ndiyo chemchemi ya mengi ya mashairi hayo, wanaendelea kupungua.